Mbele ya kuchimba msingi: namna ya kupanga kiwanja cha koperative pamoja na wakaaji



Mara kwa mara tunapata barua yenye kusema hivi: "Tumepata kiwanja, tunangoja tu projeti ilete sima na mabati." Barua kama hiyo inatufurahisha. Lakini siku hizi, mbele ya kujibu juu ya sima, tunauliza maswali mawili: nani alichagua kile kiwanja? Na nani hakuulizwa?

Somo la mwezi huu linahusu jambo hilo. Tutaangalia namna koperative inaweza kuchagua na kupanga nafasi ya depo, ya zizi, ya pepinyeri ao ya shamba la mfano, pamoja na wale wote ambao nafasi hiyo itawagusa. Someni somo hili katika mkutano, si peke yenu nyumbani. Mwishoni kuna maswali ya kuzungumza.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Nianze na kosa langu, maana nilijifunza zaidi kwa kosa hilo kuliko kwa vitabu. Nilipomaliza masomo ya agronomia, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimamia ujenzi wa depo ya maharagi katika kijiji kimoja cha milima ya Masisi. Projeti ilikuwa na miezi 9 tu, na tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Nilifika kijijini asubuhi, nikakutana na shefu wa kijiji, prezida wa koperative, na mzee mmoja aliyesema anatoa kiwanja. Pamoja na mimi tulikuwa wanaume wanne.

Kiwanja kilikuwa kizuri machoni. Kilikuwa kando ya barabara, pahali pa sawasawa, gari ya projeti ingefika bila shida. Nikatoa mita, nikapima mita 10 kwa 15, tukapiga foto, na jioni nikaandika katika ripoti: "Jamii imeshirikishwa." Niliandika hivyo bila wasiwasi wowote.

Depo ikasimama, ikapakwa rangi, ikafunguliwa na hotuba. Ilikuwa na uwezo wa mifuko zaidi ya mia sita. Msimu wa kwanza iliingia mifuko 11.

Nilirudi kuuliza sababu. Mama mmoja alinijibu akiwa bado na jembe begani:

"Weye agronomu, ulituulizaka siku gani? Mashamba yetu iko ngambo ile ya mulima. Kufika hapa ni masaa mbili, na mugongo iko na kilo makumi ine. Tena hapa ku barabara kila mutu anaona nani ameingiza mifuko ngapi. Usiku tukibishiwa mulango, weye utakuwa Goma."

Sikuwa na jibu. Mambo yale mawili, njia ya wamama na hofu ya kuonekana, hayakuwa katika ripoti yangu hata kwa neno moja. Na kulikuwa na jambo la tatu. Katika mwezi wa pili vijana wawili walirudi kutoka mahali walipokuwa wamekimbilia vita. Walikuta depo juu ya udongo wa marehemu baba yao. Mzee aliyetupatia kiwanja alikuwa baba yao mdogo. Alikuwa akiuchunga tu. Vijana hawakupiga mtu, hawakuvunja kitu. Waliweka kufuli yao juu ya kufuli ya koperative, wakaenda kushtaki.

Mashauri yalichukua miezi. Siku mlango ulipofunguliwa, wadudu walikuwa wametoboa maharagi yote ya ile mifuko 11. Ilikuwa mali ya familia saba, na ndani yake kulikuwa mbegu za saizoni B. Familia hizo zilikopa mbegu kwa jirani, kilo moja ya kurudisha kilo mbili.

Hakuna aliyenikemea. Lakini tangu siku hiyo sijaandika tena "jamii imeshirikishwa" bila kuandika majina ya nani, siku gani, na walisema nini.

Udongo wa huku kwetu una mambo yake

Mtu anaweza kufikiri: kuuliza watu ni jambo la adabu tu, ufundi ni kazi ya fundi. Hapana. Katika eneo la Goma, Nyiragongo, Rutshuru na Masisi, wakaaji wanajua juu ya ardhi mambo ambayo mgeni hawezi kuyaona kwa macho. Nitoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni maji ya Kibumba. Wengi wetu wazazi wetu wanakumbuka mwezi wa saba mwaka 1994, wakati mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa siku chache. Kambi moja kubwa iliwekwa Kibumba. Kibumba mvua inanyesha vizuri, mboga zinastawi, kabichi na karoti za huko zinalisha Goma. Lakini hakuna mto: maji ya mvua yanazama mara moja katika mawe ya volkano. Maji ilibidi yaletwe na malori. Mwamba ulikuwa mgumu, hata kuchimba vyoo na makaburi ilishindikana pahali pengi. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya watu kuzunguka Goma katika wiki chache. Wakati ule ulikuwa wa dharura, na hatuhukumu mtu. Lakini mama yeyote wa Kibumba aliyezoea kubeba bidoni angeweza kusema siku ya kwanza kwamba pale maji hakuna.

Mfano wa pili ni moto wa Nyiragongo. Volkano hii ilitoa lava mwaka 1977, halafu tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuharibu maelfu ya nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ilitoka tena na kusimama Buhene, kwenye mlango wa mji. Kila mara mipaka ya viwanja inapotea chini ya mawe: miti ya mpaka imeungua, vijiwe havionekani. Karatasi inabaki, lakini juu ya ardhi nani ataonyesha ilikuwa wapi? Ni jirani. Tena wazee walioona lava mara mbili ao tatu wanaweza kuonyesha kwa kidole njia ilizopita. Wataalamu wa Obsevatwari ya Volkano ya Goma wana ramani zao, na ni vizuri kuziuliza. Koperative yenye akili inaweka ramani hizo na kidole cha mzee pamoja.

Mfano wa tatu ni mazuku. Neno hili watu wa huku wanalijua, na sasa hata wanasayansi wa ng'ambo wanaliandika hivyohivyo katika vitabu vyao. Ni hewa ya gesi kaboniki inayotoka chini ya ardhi. Haina rangi, na pua haiisikii. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa katika mabonde madogo, mashimo na nyufa za lava, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Inaua panya, ndege, mbuzi, na mara nyingine watu. Upande wa magharibi wa Goma, kufika Bulengo, Ziwa la Kijani na Sake, nafasi za mazuku ni nyingi.

Karibu na Sake kikundi kimoja kilitaka kujenga zizi la nguruwe. Komite ilichagua pahali penye kujificha upepo, chini kidogo ya usawa wa shamba. Mimi pia nilipapenda. Tulikuwa tumeanza kupigilia vijiti wakati kijana mmoja mchungaji, wa miaka kama 12, alipotuangalia na kucheka. Tukamwuliza anacheka nini. Akasema: "Bambuzi ya baba mudogo ilikufaka pale. Tatu. Asubuhi tulikuta zinalala, hazina kidonda." Tulisogeza zizi mita 60 kwenda juu. Mtoto yule hakuwa katika orodha ya mtu yeyote ya kuulizwa.

Neno la usalama: watu wengine wanapima mazuku kwa kushusha mshumaa ao kijinga cha moto mwishoni mwa mti mrefu. Moto ukizimika, ni hatari kubwa, ondokeni. Lakini moto ukiwaka, msiseme kwamba pahali ni pazuri: gesi inaweza kumdhuru mtu mbele ya kuzima moto. Tena mazuku inabadilika kati ya mchana na usiku. Msimtume mtu aingie kupima. Sikilizeni wale wanaoishi pale, tafuteni alama (wadudu na ndege waliokufa, nyasi zilizokauka mahali pamoja), na ulizeni Obsevatwari.

Nani waitwe?

Tukisema "wakaaji" ao "jamii", mara nyingi wanakuja walewale: wale wenye viatu, wenye kujua kusema, na wenye nafasi ya kukaa mkutanoni saa nne asubuhi. Koperative ifanye orodha ya watu mbele ya kuita mkutano. Orodha yetu ni hii:

1. Wanachama watakaotumia kiwanja: wanaume, wamama na vijana, kutoka kila kilima, si kutoka kilima cha prezida tu.

2. Majirani wa kiwanja, hata kama si wanachama. Maji ya mabati yenu yatashukia kwao.

3. Wenye kupita pale: wachota maji, wachungaji, wanafunzi, wasukuma chukudu.

4. Wenye mamlaka: shefu wa kijiji, mwami ao mjumbe wake, monitere wa kilimo, na kama ni karibu na Parki ya Virunga, watu wa ICCN. Parki hii ni ya tangu mwaka 1925, na bado mashamba mengi yana ugomvi wa mpaka nayo. Msijenge karibu na mpaka mbele ya kuuona mpaka pamoja nao.

5. Wasio na udongo: wajane, waliokimbia vita wanaolima mashamba ya kukodi, na ndugu zetu Wapigme. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wapigme. Mara nyingi koperative inajenga juu ya nafasi wanamookota kuni na dawa bila mtu kuwauliza.

6. Wasiokuwapo. Hawa ndio niliowasahau Masisi. Katika vijiji vyetu, kila mkutano una watu ambao wako kambini, Goma, ao ng'ambo ya mpaka. Andikeni majina yao. Pigeni simu. Kama simu haipatikani, semeni kanisani, msikitini na sokoni kwamba kiwanja fulani kinataka kujengwa, mwenye neno aje mbele ya tarehe fulani. Koperative moja inaweka kiti kitupu katikati ya mkutano, na mbele ya kukata neno prezida anauliza: "Kiti hiki ni cha nani?" Watu wanacheka mara ya kwanza. Mara ya pili wanaanza kutaja majina.

Wamama waketi kwanza peke yao. Si kwa kugawanya watu. Ni kwa sababu katika mkutano wa wote, mama atasema "ndiyo" mbele ya shemeji na baba mkwe, kisha atafanya vingine. Afadhali mama mmoja wanayemwamini aongoze kikao chao na kuleta maneno yao kwa wote, bila kutaja nani alisema nini.

Hatua saba

Hatua ya 1: Kubalianeni juu ya kazi mbele ya nafasi.
Msiulize "tujenge wapi?" Ulizeni kwanza "tunataka kufanya nini, na kwa mali kiasi gani?" Tuchukue mfano. Koperative ina wanachama 60, kila mmoja analeta mifuko 5 ya kilo 100. Hiyo ni mifuko 300, maana yake tani 30. Tani moja ya maharagi katika mifuko inachukua kama mita kibiki 1.6, kwa hiyo tani 30 ni karibu mita kibiki 48. Mkipanga mifuko kwa urefu wa mita 2, mnahitaji mita mraba 24 chini. Fanyeni mafungu mawili ya mita 2 kwa 6, njia ya mita 1 katikati, na nusu mita kati ya mifuko na ukuta kila upande. Mnapata jengo la mita 6 kwa 7. Ile yangu ya mita 10 kwa 15 ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya bajeti.

Hatua ya 2: Tembeeni pamoja, mara mbili.
Mara moja wakati wa kiangazi, mara moja wakati wa mvua kubwa, kwa mfano mwezi wa 4 ao wa 11. Kiwanja kikavu cha mwezi wa 7 kinaweza kuwa mto mwezi wa 11. Tembeeni kwa njia ya wamama, na mzigo ukiwa mgongoni, si kwa gari ya projeti. Hesabuni dakika kutoka kila kilima. Ulizeni mnaokutana nao njiani.

Hatua ya 3: Chora ramani chini.
Hakuna haja ya kompyuta. Safisheni uwanja, chukueni majivu ya kuchora barabara, majani kwa mashamba, mawe meusi kwa lava, maji katika kifuniko kwa chemchemi, magunzi ya mahindi kwa nyumba. Mpeni kijiti mtu asiyesema sana. Kila mmoja aweke jiwe moja pahali anapopaogopa: maji yanapita, mazuku, mwizi, ugomvi wa mpaka. Mtaona mawe yanakusanyika. Mwishoni mwanafunzi anakili ramani katika daftari, na mwingine anapiga foto kwa simu, maana majivu yatapeperuka.

Hatua ya 4: Linganisheni nafasi mbili ao tatu.
Usilete nafasi moja na kuuliza watu kama wanaikubali. Wataikubali, hasa kama kuna mzungu ao gari. Leteni nafasi tatu. Andikeni pembeni mambo mliyoona kuwa ya lazima: njia ya wanachama, maji ya mvua, usalama wa usiku, udongo usio na mashauri, barabara ya gari la mnunuzi. Kwa kila jambo, kila mtu anapewa mbegu 5 za maharagi kugawanya kati ya nafasi zile tatu. Hesabuni mbegu mbele ya wote. Si lazima nafasi yenye mbegu nyingi ishinde palepale, lakini yule anayetaka nyingine atapaswa kueleza sababu kwa sauti.

Hatua ya 5: Ulizeni udongo ni wa nani.
Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na watu wanapewa haki ya kuutumia. Lakini vijijini tunaishi pia kwa desturi. Kwa hiyo koperative inahitaji miguu yote miwili: neno la kijiji na karatasi ya Serikali. Sheria hiyohiyo inaweka uchunguzi wa mbele kwa udongo wa vijijini, ili kujua nani tayari ana haki pale. Maana yake kuuliza watu si zawadi ya projeti. Ni jambo ambalo sheria yenyewe imelifikiria.

Fanyeni hivi: mwenye kutoa kiwanja aje na ndugu zake, wake zake na watoto wakubwa. Majirani wa pande nne wasimame mpakani. Andikeni PV yenye vipimo, majina, namba za karata, na sahihi ao alama ya kidole. Semeni wazi: ni zawadi, ni kununua, ao ni kukopeshwa kwa miaka mingapi? Jina lililoandikwa liwe la koperative, si la prezida. Kwa hilo koperative inahitaji kuwa imeandikishwa kufuatana na sheria ya OHADA, ambayo inafanya kazi katika nchi yetu tangu mwaka 2012. Halafu anzeni safari ya kadasteri kwa kutafuta sertifika. Ni ndefu na inaomba pesa, lakini PV nzuri ndiyo mlango wake.

Hatua ya 6: Chora jengo kwa kamba, kwa ukubwa wake wa kweli.
Karatasi ya plani wengi hawaisomi, na wanaona haya kusema. Pigilieni vijiti, fungeni kamba, onyesheni mlango, dirisha, choo, mfereji. Watu waingie ndani na mifuko. Hapa ndipo mama atasema mlango hautoshi kwa mtu mwenye mzigo kichwani, ao choo kiko juu ya bustani ya jirani. Kubadilisha kamba kunachukua dakika tano. Kubadilisha ukuta kunachukua bajeti nzima. Kama ni ghala la mbegu za viazi mviringo, kamba ionyeshe pia upande wa jua na wa upepo: mbegu za viazi zinataka mwanga usio wa jua kali na hewa inayopita, ili machipukizi yabaki mafupi, magumu, ya kijani. Maharagi yanataka pahali pakavu. Msichanganye kazi mbili katika nyumba moja kwa sababu ya kupunguza mabati.

Hatua ya 7: Rudini na jibu.
Watu walitoa mawazo. Sasa waambieni: hili tumelikubali, hili hatukulikubali, na sababu ni hii. Bila hatua hii, mara nyingine hawatakuja. Chagueni komite ndogo ya kufuata kazi, ambamo kuna jirani mmoja asiye mwanachama. Huyo ndiye atakayeona mfereji umeziba mbele ya prezida.

Wakati watu hawapatani

Mtaniambia: "Agronomu, sisi tukiita watu wote, hatutajenga kamwe." Ni hofu ya kweli. Nimekaa katika mikutano ambapo kilima kimoja kilisema "kwetu ao hapana." Nina mashauri matatu.

La kwanza, tenganisheni nafasi na faida. Mara nyingi watu hawagombanii depo, wanagombania kazi ya ujenzi, ufunguo, na heshima. Semeni mapema: mafundi na wabebaji wa mawe watatoka vilima vyote, ufunguo utashikwa na watu wawili wa vilima tofauti, na mmoja wao atakuwa mama.

La pili, fikirieni vitu vidogo viwili pahali pa kimoja kikubwa. Kule Masisi, baadaye, vilima viwili vilikubaliana kutumia chumba kimoja kidogo kila upande, na kupeleka mali barabarani siku ya mnunuzi tu. Mali haionekani na kila mpita njia, na mama hapandi tena mlima. Nyumba zenyewe ni za mawe ya pale na mbao, mabati 24 kila moja. Depo kubwa ya rangi, baada ya mashauri kuisha, vijana wale wawili waliikodisha kwa koperative kama pahali pa kupimia mizani. Inafaa kwa kazi hiyo.

La tatu, kama ugomvi ni wa udongo na haujaisha, msijenge. Hata kama projeti inasema pesa itarudi. Andikieni mfadhili barua ya kueleza. Ninawaambia kama mtu wa projeti: mara nyingi tarehe inaweza kusogezwa, kama imeombwa mapema na kwa maandishi. Kufuli ya pili ndiyo haisogei.

Kuhusu wakati na gharama

Kazi hii yote, kwa kijiji kimoja, inaomba kama wiki tatu hadi sita ukiondoa ile safari ya pili ya wakati wa mvua. Pesa si nyingi: daftari, kamba, simu za kuwatafuta waliokimbia, chakula cha siku ya ramani. Wekeni gharama hizi ndani ya bajeti mnayoiomba, kwa mstari wake. Mfadhili akiuondoa, ulizeni kwa nini.

Msipange mikutano siku ya soko, wala katika wiki za kupanda za mwezi wa 9 na wa 2. Muda mzuri kwa wamama katika vijiji vingi ni alasiri, baada ya kurudi shambani na mbele ya kupika. Lakini msinifuate mimi, waulizeni.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Jengo gani katika kijiji chetu halitumiwi? Nani alichagua nafasi yake, na nani hakuulizwa?

2. Kama tungeweka kiti kitupu katika mkutano wetu leo, kingekuwa cha nani? Nani ana namba yake ya simu?

3. Pahali gani kuzunguka kwetu watoto na wachungaji wanapaogopa? Kwa nini?

4. Kiwanja cha koperative yetu kimeandikwa kwa jina la nani? PV iko wapi? Nani ameiona kwa macho yake?

5. Mama mwenye kukaa mbali zaidi na depo yetu anatembea dakika ngapi? Tumtembelee juma hili, tukiwa na mzigo.

Koperative itakayochora ramani yake ya majivu itutumie foto kupitia monitere wake wa kilimo, na maelezo mafupi ya mawe ya hofu yalianguka wapi. Tutazungumzia baadhi yake katika numero zijazo. Mwezi ujao somo litakuwa juu ya kukausha maharagi mbele ya kuyaweka katika mifuko.

Tuwatakie mvua nzuri na mavuno salama.